Hati Iliyotundikwa Chumbani

Nyaramba,
Jumanne, 12 Machi 2024.

Kwa dada yangu mpendwa Nyaboke,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote hapa nyumbani. Mimi ni mzima wa mwili na mke wangu Joyline pia hajambo, ila magoti ya Mama yamevimba tena tangu mvua ianze. Siku hizi anachuma majani chai akiwa ameketi kwenye kigoda, anakisogeza shina kwa shina, na anamfokea kila anayemwambia apumzike. Anakuulizia kila asubuhi. Natumai wewe nawe u mzima, na kwamba chumba ulichokodi hapo Keumbu hakivuji, maana nimesikia upepo wa wiki jana uliezua mabati sokoni.

Barua hii nimempa Nereah, mke wa Owiti mwenzangu wa jeshi, akukabidhi mkononi siku ya soko. Simu nimekupigia tangu Desemba na hupokei, na sikulaumu. Usimhoji Nereah, hajui kilichomo. Nimeamua kukuandikia Kiswahili, lugha niliyopokelea amri miaka yote ya jeshi, kwa sababu kuna neno humu ambalo kwa Ekegusii limenishinda. Nimelijaribu mara mbili na mara zote mbili nimechana karatasi. Nakuomba usome hadi mwisho kabla ya kuitia barua hii jikoni.

Nianze na la furaha. Alhamisi iliyopita nilivishwa nishani. Walituita kambini saa tatu asubuhi, mimi, Joyline na Owiti, wakatuketisha kwenye hema pamoja na wazee wengine wenye suti za kukopa. Jenerali mmoja ambaye angeweza kuwa mwanafunzi wangu alisoma cheo na jina langu: Koplo mstaafu Alfayo. Akanibandikia nishani kifuani, akanipa na cheti kipya cha kuondoka jeshini. Mahali palipoandikwa kwamba niliacha kituo bila ruhusa mbele ya adui, sasa pameandikwa kwamba nilitumika kwa uaminifu na tabia yangu ilikuwa nzuri sana. Joyline alipiga vigelegele mpaka askari wa lango wakageuka. Mimi sikulia, dada. Nilikuwa nikimfikiria Jasper, na nilifurahi kuliko nilivyowahi kufurahi kanisani.

Najua Jasper ni mumeo na baba wa watoto wako. Umelisikia jambo hili kwa mdomo wake miaka mingi, basi leo lisikie kwa wangu.

Siku ile mwaka 2012 walitushambulia alfajiri katika kambi yetu ndogo ng'ambo ya mpaka. Tulikuwa watu thelathini na wawili. Luteni wetu alikufa dakika za kwanza, amri ikabaki kwa Sajini Jasper. Owiti alikuwa kwenye bunduki ya rashasha upande wa mashariki na mimi nikimlisha risasi. Alipopigwa pajani nilimsogeza kando nikaishika mwenyewe. Nilipiga mpaka mtutu ukawa mwekundu. Mtutu wa bunduki ile hubadilishwa kwa kushikwa kishikio chake, lakini kishikio kilikuwa kimekatwa na kipande cha bomu. Nikavua fulana, nikailowesha kwa maji ya chupa ya Owiti, nikauchomoa mtutu kwa mkono wa kushoto. Fulana ilishika moto. Kiganja changu unakijua, wewe ndiye uliyekuwa ukikipaka mafuta nilipotoka hospitalini. Nikatia mtutu wa pili nikaendelea mpaka wenzetu wa msaada walipofika. Muda huo wote Sajini Jasper alikuwa chini ya trela la maji. Owiti alimwona vizuri, kwa sababu pale alipoanguka hakuwa na kingine cha kutazama.

Helikopta ilipotua kuchukua majeruhi nilimbeba Owiti nikapanda naye. Sikuomba ruhusa. Ningemwomba nani, trela?

Hospitalini, siku ya nne, shemeji alikuja kuniona. Alileta maziwa na ndizi mbivu, akaketi kitandani pangu saa nzima. Aliniuliza mtutu niliushika vipi, kwa mkono upi, fulana ililowa kiasi gani, nilisikia nini nyama ilipoungua. Nikamweleza yote. Nilidhani ni mapenzi, nikajisemea kwamba dada yangu ameolewa na mtu mwenye moyo. Nilipotoka na bendeji yangu nilikuta shtaka likinisubiri, na miezi michache baadaye nikawa raia mwenye cheti kichafu. Jasper alinishika bega akasema wakubwa ndio waliokwisha kuamua, kwamba ripoti iliandikwa na Meja fulani, kwamba yeye amenitetea hadi sauti imemkauka. Mwaka uliofuata akapewa nishani ya ushujaa. Nilikuja kwenu Kiogoro kumpongeza, nikala, nikashukuru.

Miaka kumi, dada. Nilikataliwa ulinzi wa benki, nikakataliwa ulinzi wa shule, nikakataliwa hata kuchunga lango la kiwanda cha majani chai ambako mkuu wa walinzi alikuwa mtu niliyemfundisha kupiga saluti. Kila mmoja alikifungua cheti, akasoma mstari ule mmoja, akakifunga kwa adabu. Wanajeshi wastaafu wa huku kwetu wanapomzika mwenzao husimama mstari mmoja kando ya kaburi. Mimi nilisimama na akina mama, nikishika mwavuli wa Mama. Hakuna aliyenifukuza mstarini, ni mimi mwenyewe niliyeshindwa kuwatazama usoni.

Na Jasper hakukosa la kuongeza. Unajua kwamba Joyline nilimwoa kwa ng'ombe wa mahari yako, kama kawaida ya kwetu. Basi kila tulipokutana penye watu alinipiga mgongoni akawaambia kwamba mke wa huyu ametoka zizini kwangu, na watu wakacheka, na mimi nikacheka nao. Hayo yalikuwa matani ya mashemeji na sikuwa na haki ya kuyakasirikia. Siku hizi nikiyakumbuka nasaga meno.

Sasa kumbuka ile Sabato ya Juni mwaka jana, ibada ya shukrani kanisani kwenu, Jasper alipofanywa mzee wa kanisa. Nilikuwa benchi la nne, nyuma ya kwaya. Mgeni wa heshima, yule kanali mstaafu, alisimama akamsifu. Akasema ameisoma hati ya nishani yake, na kwamba waumini wanapaswa kujua wana mzee gani: mtu ambaye kishikio cha bunduki kilipokatika, alivua fulana yake, akailowesha maji, akauchomoa mtutu wa moto kwa mkono wa kushoto. Kanisa zima likasema amina. Nilimtazama shemeji. Mikono yake yote miwili ilikuwa ndani ya mifuko ya koti. Na mimi nilikuwa na Biblia juu ya kiganja changu kilichokunjamana, nikahisi kama mtu aliyevuliwa nguo mbele ya watu.

Shemeji hapigwi, na kwa heshima ya ukwe hata sauti hampandishiani. Chinsoni yetu, yaani miiko yetu ya heshima na haya kati ya ndugu na wakwe, ilimlinda vizuri kuliko handaki. Lakini tangu saa ile nilijua nataka nini, na sitakudanganya kwamba nilitaka haki tu. Nilitaka aaibike. Nilitaka avuliwe mbele ya watu walewale waliosema amina.

Jumatatu nilishuka Kisii mjini kwa wakili, yule mama Valentine mwenye ofisi juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Ni mtu asiyetabasamu bure. Aliniandikia maombi ya kupewa faili langu, na baada ya wiki saba faili likaja. Ripoti iliyonitia utoro haikuandikwa na Meja yeyote. Iliandikwa kwa mkono wa Jasper, kwa mwandiko uleule anaoandikia kadi za harusi, na sahihi yake imekaa chini. Ndani ya faili kulikuwa pia na karatasi ya hospitali: kiganja cha kushoto kimeungua vibaya. Owiti naye, ambaye miaka yote hakuna aliyemuuliza lolote, alikuja na mkongojo wake akala kiapo mbele ya Valentine.

Valentine akasema bado haitoshi. Jasper angesema Owiti alikuwa hajitambui kwa kutokwa na damu, na kwamba mkono wangu uliungua kwa uzembe. Kilichotakiwa ni hati ya nishani yenyewe, ile yenye maelezo ya mtutu, ili iwekwe kando ya karatasi ya hospitali. Akaiomba. Akajibiwa kwamba nakala hupewa mwenye nishani peke yake. Mwenye nishani alikuwa ameitundika ukutani kwake, na nafikiri unakumbuka ni ukuta gani. Nishani aliiweka sebuleni kila mgeni aione. Hati aliitundika katika chumba chenu cha kulala. Wageni walipoiulizia alisema iko chumbani, huku akinitazama mimi na kutabasamu. Alijua anachokifanya. Katika nyumba yote ile kulikuwa na chumba kimoja tu ambacho kaka wa mke hawezi kukanyaga, na ndicho alichokifanya ghala.

Mwezi wa Agosti picha ya hati ile iliingia kwenye faili langu. Hapo nitarudi, nivumilie.

Bodi ya jeshi inayosikiliza rufaa iliketi Novemba tarehe kumi na nne. Walikuwa watu watano, na Jasper aliitwa. Alikuja na suti ya kijivu na beji ya uzee wa kanisa. Walimsomea hati yake neno kwa neno kutoka kwenye picha, akakubali kwamba ni yake na kwamba kila lililoandikwa ni kweli. Ndipo mwenyekiti, mama mmoja mfupi wa miwani, akamwambia anyooshe viganja vyake mezani. Nyaboke, laiti ungemwona. Aliviweka juu ya meza polepole, safi, laini, viganja vya mtu wa kushika kikombe. Mwenyekiti akavitazama. Akanigeukia akaniambia nami ninyooshe vyangu. Nikaviweka kando ya vile vya shemeji, vidole vyetu vikakaribiana kabisa, na hapo nikasikia utamu ambao sijui nikueleze vipi. Nilitaka dakika ile isiishe. Walipotuambia tunaweza kuondoa mikono, nilichelewa kusudi.

Jasper alinyang'anywa nishani yake kwa barua ya wiki iyo hiyo, na mimi nikaambiwa nisubiri sherehe ya Machi.

Yaliyofuata unayajua wewe kuliko mimi, lakini nataka uone kwamba nami nayajua. Jasper alipewa nakala ya ushahidi wote, na katika picha ile pembeni ya fremu ilionekana foronya uliyoitarizi mwenyewe, ile ya maua ya zambarau. Hakuhitaji kufikiri sana. Ni mtu gani mwingine aliyeingia mle? Alirudi Kiogoro akatoa nguo zako nje, akaita wazee wa pande mbili. Mzee Manasseh, baba yake mdogo, ndiye aliyeongoza kikao. Alikuuliza ni nani huingia katika chumba kile. Ukasema ni wewe na mumeo tu, hata binti zako hawaingii, maana hukuwalea ovyo. Ukajibu kweli, na kweli hiyo ndiyo iliyokufunga. Uliapa kwa majina ya watoto wako kwamba hukupiga picha yoyote. Mzee Manasseh akatikisa kichwa akasema picha haijipigi.

Nami nilikuwepo. Niliketi upande wako kama kaka yako, niliyeoa kwa ng'ombe wako, ambaye kwa desturi yetu ndiye kinga yako mambo yakiharibika. Nilisimama nikasema dada yangu si mwizi wala msaliti. Watu walisema nimesema vizuri. Jasper akaniuliza mbele ya wote, kwa sauti ya chini:

"Basi tuambie wewe, shemeji. Nani aliingia?"

Nikatazama viatu vyangu. Nikasema sijui. Nikaketi.

Ulifungasha siku iyo hiyo. Ulikataa kurudi hapa Nyaramba kwa sababu ulisema hutaki Mama aone aibu yako, ukaenda Keumbu kuuza viazi vitamu na nyanya kando ya barabara. Kanisani kwenu wanakuita mke aliyemuuza mumewe. Nimesikia hata kwamba mnunuzi mmoja alirudisha viazi vyako alipojua wewe ni nani. Hilo lilinikosesha chakula, ingawa halikunifungua mdomo.

Mwezi uliopita Jasper alinikuta katika hoteli moja Kisii mjini, nikinywa chai na Owiti. Alisimama kando ya meza yetu. Nilimwacha asimame. Owiti alitaka kumvutia kiti nikamkanyaga mguu chini ya meza, ule mzima. Jasper amekonda, kola inamcheza shingoni. Aliniomba niiandikie bodi kwamba vita vina vurugu, kwamba huenda alikosea bila kukusudia, ili wasimfungulie mashtaka. Nilijifanya sikusikia, akarudia. Nilijifanya tena, akarudia mara ya tatu, na watu wa meza za jirani walikuwa wameacha kula. Nikamwambia ripoti yake ya mwaka 2012 haikuwa na vurugu hata kidogo, ilikuwa na mwandiko mzuri. Nilikuwa nimeisubiri siku hiyo na haikuniangusha. Lakini alipogeuka kwenda zake alisema jambo moja ambalo limekaa nami tangu siku hiyo.

"Si wewe uliyenimaliza, Alfayo. Wewe hukuwahi kuniweza. Nimemalizwa na mke wangu."

Sasa nimefika, dada.

Ni mimi niliyeingia chumbani mwenu.

Ilikuwa ile Jumapili ya Agosti nilipokuja bila kutoa habari. Jasper alikuwa amekwenda mazishini, nami nilijua amekwenda mazishini, ndiyo maana nilikuja. Ulifurahi sana kuniona. Ulimkimbiza jogoo mwenyewe nyuma ya nyumba, ukamchinja, ukakaa jikoni nje ukimnyonyoa na kuniimbia wimbo wa Mama kupitia dirishani ili nisijione mpweke sebuleni. Kwa wimbo huo nilijua uko wapi. Nilivua viatu. Nikasukuma pazia, nikaingia mahali ambapo mwanamume aliyezaliwa tumbo moja nawe haingii mpaka anakufa. Niliona kitanda chenu. Niliona sweta lako na Biblia yako, na gauni la kulalia kwenye msumari, na niligeuza uso lakini nilikuwa nimekwisha kuona. Nilipiga picha tatu, kwa kuwa mbili za kwanza zilitikisika. Nikatoka, nikavaa viatu, nikaketi. Ukaniletea kuku na ugali wa wimbi, na firigisi ukaniwekea juu, kwa heshima. Nikaila.

Na huko Kiogoro hakuna aliyenidhania, hata Jasper mwenye hila zake zote. Walimfikiria kila mtu, mpaka fundi wa stima aliyekuja mwaka juzi, lakini mimi hapana, kwa sababu jambo lenyewe haliingii katika kichwa cha Mgusii. Jasper alijificha nyuma ya chinsoni ili nisiione hati. Nami nikajificha nyuma ya chinsoni iyo hiyo ili asinione mimi.

Utauliza kwa nini nilinyamaza kikaoni. Valentine, ambaye alijua jinsi picha ilivyopatikana kwa maana nilimwambia, alikuwa amenionya kwamba ubishi wowote kuhusu picha kabla ya sherehe ungerudisha faili mwanzo. Alisema chaguo ni langu. Nikachagua. Kwa hiyo pale Mzee Manasseh alipokuwa akikuuliza, nilikuwa nikihesabu miezi kutoka Novemba hadi Machi. Nilikutazama ukiapa kwa majina ya watoto wako, nikajiambia dada yangu ni mgumu, atavumilia. Jasper aliniandika mtoro ili apate nishani. Mimi nilikuacha uandikwe msaliti ili nipate yangu. Yeye angalau alikuwa na hofu ya risasi. Mimi nilikuwa nimeketi kwenye kiti chenye kitambaa.

Nisamehe, Nyaboke. Najionea haya na najichukia, na naliandika neno hili nikijua halitoshi. Sikuombi uniambie kwamba si kitu.

Jana nilikwenda kwa Valentine nikaandika kiapo. Nimeeleza siku, saa, chumba, picha tatu, na kwamba wewe ulikuwa jikoni na hukujua lolote. Nimetia sahihi na kidole gumba. Nakala moja imetumwa kwa bodi. Nyingine itasomwa kanisani kwenu, mchungaji amekubali. Jumapili hii, tarehe kumi na saba, nitakwenda Kiogoro na mbuzi wa utakaso, na Mzee Manasseh ameita watu walewale wa kikao kile. Hajui nitasema nini. Nimemwambia tu kwamba picha imepata mwenyewe. Najua baada ya hapo sitakanyaga tena boma lile, na wapo watakaokataa kunishika mkono hadi nife. Owiti, Mjaluo mwenyewe, nilipomweleza desturi zetu alisema ingekuwa heri ningempiga mtu yule ngumi. Joyline hajui bado. Nitamwambia barua hii ikishakufikia.

Valentine amenitahadharisha kwamba bodi inaweza kusema ushahidi umepatikana kwa wizi, na ikalifungua tena faili langu. Ikitokea hivyo, waje waichukue nishani yao pamoja na cheti. Viganja vyetu tayari wameviona mezani. Yangu ikiondoka, yake hairudi, na hilo linanitosha kulala.

Nikuambie na hili la mwisho, kwa kuwa nimechoka kuficha. Wewe utadhani naenda Jumapili kwa ajili yako, na ningependa iwe hivyo. Lakini tangu siku ile hotelini sina raha kwa jambo moja: Jasper anaamini ameshindwa na mwanamke aliyemlisha, wala si na mimi. Nataka aketi pale mbele ya baba zake asikie kwamba Koplo Alfayo alivua viatu, akaingia chumbani mwake mchana, akaisoma hati yake huku jogoo wake akinyonyolewa. Nimejiuliza mara nyingi ni lipi kati ya hayo mawili lililonifanya nishike kalamu. Jibu nimelipata, dada, na silipendi. Ndiyo sababu nimekuandikia wewe kwanza. Njoo Jumapili, au usije. Ukija, uketi mbele, na nikisimama kusema, nitazame mimi. Nikikuona unanitazama huenda nikayasema yale ya kukusafisha, nikayaacha yale ya kumchoma.

Mama anakusalimu na kukuombea. Joyline anakusalimu na amekufungia majani chai makavu, Nereah anayo kwenye kikapu. Wasalimie binti zako wakikupigia. Mungu akulinde hapo barabarani.

Ni mimi kaka yako,
Alfayo.